Gari Kuukuu Katika Ralikrosi ya Ridhaa

Ralikrosi, yaani mashindano ya magari katika njia fupi ya uwanjani ambayo yote au sehemu yake ni ya udongo, ilianza Uingereza tarehe 4 Februari 1967 katika uwanja wa Lydden Hill, Kent, ilipoandaliwa kwa ajili ya televisheni na Vic Elford akaibuka mshindi kwa Porsche 911. Wanamichezo wa ridhaa, ambao hujigharimia wenyewe, hawahitaji gari la hadhi hiyo. Katika mashindano yanayosimamiwa na SCCA, chama cha michezo ya magari cha Marekani, kila gari huingia peke yake katika njia iliyopangwa kwa koni, likapimwa muda, na kila koni inayoangushwa humwongezea dereva sekunde 2. Kwa kuwa hakuna wa kugongana naye, gari lenye paa halilazimiki kufungwa kizimba cha mabomba ya chuma, na helmeti iliyoidhinishwa pamoja na mkanda wa kawaida hutosha.

Unafuu wa gari la namna hii hautokani na bei ya kununulia pekee, bali na mpangilio wa matumizi: ubovu wa hatari huondolewa kwanza, kinga hufuata, na nguvu ya injini huja mwisho. Mnunuzi hupaswa kuchungulia chini ya gari kabla ya kufungua boneti, kwa sababu injini iliyochoka hubadilishwa, ilhali kutu iliyokula sakafu, au mahali shokapu zinaposhikamana na bodi, haina tiba rahisi. Modeli iliyouzwa kwa wingi, kama vile Ford Focus au Subaru Impreza, ina faida ya kupata spea zilizotumika bila taabu.

Kinga ya kwanza ni bamba imara la chuma au alumini chini ya injini, linaloikinga sampu, yaani chombo cha kuhifadhia oili, ambacho kikitobolewa na jiwe injini huweza kufa baada ya muda mfupi. Matairi hufuata. Madereva wengi hutumia matairi ya theluji, kwa kuwa meno yake hushika udongo laini na bei yake ni ndogo kuliko ya matairi ya rali, ingawa kwenye ardhi ngumu na kavu huchakaa upesi. Upepo ukipungua mno, tairi huweza kung'oka kwenye rimu gari linapokata kona kwa kishindo, na udongo ukaingia katikati.

Matengenezo hayasubiri gari liharibike. Baada ya mashindano, tope huoshwa chini ya gari na ndani ya rimu, kwani likikauka upande mmoja wa rimu huharibu uwiano wa gurudumu na kuufanya usukani utetemeke, jambo ambalo fundi asiye makini huweza kulidhania ubovu wa beringi. Kisha hukaguliwa raba zinazofunika viungo vya shafti za magurudumu: mistari myembamba ya grisi iliyorushwa upande wa ndani wa rimu ni dalili kwamba raba imepasuka, na ikibadilishwa mapema kiungo chenyewe hupona. Filta ya hewa husafishwa au hubadilishwa, kiwango cha oili hupimwa, na nati za magurudumu hukazwa upya.

Nchini Finland na Sweden, ambako magari ya bei ndogo hushindana kwa pamoja na kwa hiyo kizimba ni lazima, kanuni yenyewe hudhibiti matumizi: kila gari ni lazima liwe tayari kuuzwa baada ya mashindano kwa bei moja iliyopangwa, wanunuzi wakizidi mmoja hupigwa kura, na mwenye gari akikataa kuuza hupoteza leseni ya kushindana. Anayemwaga fedha nyingi katika injini huwa anamtengenezea mpinzani wake, na kwa sababu hiyo ushindani hurudi kwenye ustadi wa dereva na uangalifu wa fundi.