Umbo la risasi na aliyekusudiwa

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, siku tulipokuwa tukijadili maneno ya mkopo, kwa nini madini ya risasi na kile kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki vinaitwa kwa jina moja. Nilimjibu upesi, kama tujibuvyo sisi walimu tunapodhani swali ni jepesi. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni yale madini mazito, laini, yayeyukayo kwa joto la nyuzi 327 tu za Selsiasi. Ulaini huo ndio uliomwezesha mwindaji wa zamani kusubu risasi zake mwenyewe. Kusubu ni kuyeyusha na kumimina katika kalibu. Kitenzi hicho leo kimesalia katika kamusi na vinywani mwa wachache.

Bunduki nayo ina kisa chake. Katika Kiarabu bunduq ni aina ya kokwa, tunda dogo la mviringo. Kokwa hiyo ikavipa jina vidonge vya udongo vilivyorushwa kwa upinde, na hatimaye jina likahamia kwenye silaha ya moto. Kwa hivyo lugha yetu imehifadhi mada ya risasi na imehifadhi umbo lake la kale. Jambo moja tu halikuhifadhiwa: ni nani aliyekusudiwa kupigwa.

Hadi leo wapo wapenda bunduki, hasa huko Marekani, wanaosubu risasi zao nyumbani na kuzipa maumbo ya ajabu ajabu, kwa hamu tu ya kuona zitarukaje. Mchezo wao haunihusu. Lakini historia ya risasi zisizo za kawaida si mchezo, na haikuanza nao.

Mnamo Mei 15, 1718, mwanasheria mmoja wa London, James Puckle, alipewa hataza ya bunduki iliyosimama juu ya miguu mitatu, yenye silinda iliyozungushwa kwa mkono. Mwaka 1722 ilionyeshwa hadharani wakati mvua ikinyesha, nayo ikafyatua mara 63 kwa dakika saba, jambo la kushangaza kwa zama zile. Hata hivyo, kilichoniduwaza mimi si kasi yake. Hataza yenyewe inaonyesha silinda za aina mbili: moja ya risasi za mviringo, za kupigia Wakristo, na nyingine ya risasi za mraba, za kupigia Waturuki. Mtu aliketi mezani, akachukua kalamu na rula, akachora tofauti ya dini katika chuma! Na lolote lile walilolitarajia kutoka kwa mraba huo, kitu cha pembe nne hupepesuka kikiwa hewani. Hakiendi kama tufe. Ni bunduki chache tu zilizotengenezwa, na kampuni ikafa.

Wazo lenyewe, ole wetu, halikufa.

Katika miaka ya 1890, wanajeshi wa Uingereza katika mipaka ya kaskazini-magharibi ya India walilalamika kuwa risasi zao mpya nyembamba zilimpenya adui na kutokea upande wa pili bila ya kumwangusha. Karakana ya silaha ya Dum Dum, karibu na Calcutta (ambayo sasa ni Kolkata), ikaleta dawa: risasi ambayo ncha yake imeachwa wazi, ipanuke ndani ya mwili. Mwaka 1898, huko Sudan, kabla ya mapigano ya Atbara, askari wa Uingereza walikaa kambini wakizikata kwa tupa ncha za risasi zao ili zifanye kazi iyo hiyo.

Mwaka uliofuata mataifa yalikutana The Hague, na mnamo Julai 29, 1899 likatolewa tamko la kupiga marufuku risasi za kupanuka. Uingereza na Marekani zilipinga. Mjumbe wa Uingereza, Jenerali John Ardagh, alijenga hoja ambayo mwanaisimu hawezi kuipita hivi hivi. Alidai kwamba askari mstaarabu akijeruhiwa huondoka vitani, lakini mshenzi huendelea kuja hata akiwa ametobolewa. Neno "mshenzi" hapo halikuwa tusi la kupita. Lilikuwa kipimo cha kazi, kama fundi apimavyo ubao kabla ya kuukata. Tamko lenyewe, kwa upande wake, lilizifunga dola zilizotia sahihi pale tu zilipopigana zenyewe kwa zenyewe. Ujerumani ilikuwa miongoni mwao, lakini Wamatumbi na Wangoni waliosimama dhidi ya Wajerumani katika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, hawakuwa dola iliyotia sahihi popote. Kinga yao ilikuwa maji waliyoambiwa kwamba yangeigeuza risasi kuwa maji. Sisi tulisoma habari hiyo shuleni kama ujinga wa wazee. Nikitazama karatasi ya The Hague siku hizi, sioni kwamba iliwakinga zaidi.

Uingereza ilikubali tamko hilo mwaka 1907. Na ilichukua zaidi ya karne moja, hadi mkutano uliofanyika Kampala Juni 2010, kwa Mkataba wa Roma kurekebishwa ili matumizi ya risasi hizo yahesabiwe pia kuwa uhalifu katika vita vya ndani ya nchi, na si baina ya mataifa pekee.

Nilimweleza haya yote mwanafunzi yule, naye akanisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza tena: "Mwalimu, na risasi ya polisi je?" Darasa likanyamaza. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa Juni 25, 2024, siku vijana walipopigwa risasi nje ya Bunge letu Nairobi.

Nilimwambia ukweli. Marufuku hiyo ni ya vita. Polisi wa nchi nyingi duniani hubeba risasi za kupanuka kihalali, na hoja itolewayo ni kwamba risasi ikikwama katika mwili wa aliyelengwa haitampata mpita njia aliye nyuma yake. Aliandika daftarini mwake, akaguna, wala hakuuliza tena.