Zimwi la Magunia na Mmea Mla Watu

Mwaka jana nilikuwa ndani ya zimwi la magunia katika igizo la darasa letu. Jicho la katoni lilipodondoka, ukumbi mzima uliangua kicheko. Nilivua kichwa cha zimwi nikatoroka, nikaapa kutorudi jukwaani.

Kilichonirudisha ni sinema ya Marekani ya mwaka wa 1960, The Little Shop of Horrors, niliyoitazama kwa kaka yangu. Mwelekezi wake, Roger Corman, alikuwa na pesa kidogo, hivyo sehemu kubwa ilipigwa picha kwa siku 2 tu na usiku mmoja. Kijana maskini, Seymour, mfanyakazi wa duka la maua, anaotesha mmea ambao, kumbe, hunywa damu! Wateja wanafurika kuutazama, naye inambidi aulishe maiti. Kikulacho ki nguoni mwako: mwishowe unammeza yeye mwenyewe.

Mmea huo ni wa kuundwa, hata mtoto mdogo angetambua. Unafungua mdomo na kudai chakula kwa sauti ya Charles Griffith, mwandishi wa hadithi yenyewe. Mbona basi sinema hii bado inapendwa? Nadhani ni kwa sababu sisi tunaucheka mmea, lakini Seymour hacheki ng'o. Yeye anauogopa kwelikweli, nasi tunamwonea huruma huku mbavu zikituuma.

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Jicho halikuniharibia igizo. Ni mimi niliyeacha kuwa zimwi. Mwaka huu likidondoka tena, nitaliokota, nitalitia mdomoni na kunguruma.