Manahodha Wawili, Chombo Kimoja: Majina, Madereva na Magari ya Umeme Yanayodaiwa Kujiendesha

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa nahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii ilizaliwa katika mazingira ya bahari na majahazi, lakini inaafiki mno hali ya dereva wa leo aliyeketi ndani ya gari la umeme lenye mitambo ya kushika usukani kwa niaba yake. Garini humo mna manahodha wawili: binadamu na programu ya kompyuta. Je, ni nani hasa anayeongoza chombo? Na kikienda mrama, ni nani atakayebeba dhima?

Makala haya yananuia kueleza jinsi mitambo hiyo inavyofanya kazi na yale ambayo madereva wameyapitia, hususan nchini Marekani ambako imetumiwa kwa wingi. Hoja yetu kuu ni kwamba jina la kifaa ni sehemu ya kifaa chenyewe. Jina likiahidi zaidi ya uwezo wa kifaa, anayelipa ni yule aliyeliamini. Kwa sababu hiyo, suala hili haliwahusu wahandisi peke yao. Linatuhusu pia sisi tunaoshughulika na lugha.

Ngazi za Uendeshaji

Ni vyema kutanguliza ufafanuzi. Umeme na uwezo wa kujiendesha ni mambo mawili tofauti: kuna magari ya petroli yenye mitambo ya aina hii, na kuna magari ya umeme yasiyokuwa nayo. Mambo haya yameshikana katika fikra za watu kwa sababu kampuni ya Tesla, ambayo magari yake yote ni ya umeme, ndiyo iliyoitangaza mitambo hii kwa sauti kubwa zaidi.

Chama cha wahandisi wa magari cha SAE kilichapisha mwaka wa 2014 mpangilio wa ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5. Katika ngazi ya 2, gari huweza kushika usukani, kuongeza mwendo na kufunga breki, ila dereva hana budi kuitazama barabara wakati wote. Katika ngazi ya 3, gari hujiongoza katika mazingira maalumu, na dereva hutakiwa kuwa tayari kulipokea likimwita. Katika ngazi ya 4, gari halihitaji dereva alimradi limo ndani ya mipaka iliyowekwa. Ngazi ya 5 ni ya gari linaloweza kwenda popote bila ya dereva.

Mifano ipo. Mwaka wa 2022 kampuni ya Mercedes-Benz ilianza kuuza nchini Ujerumani mfumo wa ngazi ya 3, uliotumika katika barabara kuu wakati wa msongamano, kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa. Nayo kampuni ya Waymo ilifungua kwa umma huduma ya teksi zisizo na dereva katika eneo la Phoenix mwaka wa 2020. Hata hivyo, mifumo mingi iliyouzwa kwa madereva wa kawaida, ikiwemo ile ya Tesla iliyoitwa Autopilot na Full Self-Driving, ilikuwa ya ngazi ya 2.

Jina na Imani ya Dereva

Autopilot ni jina lililotoka angani. Mtambo wa kuiongoza ndege bila ya rubani kuishika ulionyeshwa hadharani mjini Paris mwaka wa 1914. Full Self-Driving nalo lina maana ya kujiendesha kikamilifu. Kutokana na majina haya, je, dereva ataelewa kwamba anatakiwa kukesha?

Mwaka wa 2019, taasisi ya Marekani ya usalama barabarani inayofadhiliwa na kampuni za bima, IIHS, iliwauliza madereva zaidi ya 2,000 kuhusu majina matano ya mifumo ya ngazi ya 2. Asilimia 48 walidhani kuwa ni salama kuondoa mikono usukanini katika mfumo uitwao Autopilot. Kwa majina mengine manne, waliodhani hivyo hawakuzidi asilimia 33. Tuzingatie kuwa waliohojiwa walipewa majina tu. Mwaka wa 2022, taasisi hiyohiyo iliwahoji watu waliokuwa wakiitumia mifumo yenyewe. Asilimia 53 ya watumiaji wa Super Cruise, 42 ya watumiaji wa Autopilot na 12 ya watumiaji wa ProPILOT Assist walisema hawaoni taabu kuyachukulia magari yao kama yanayojiendesha kabisa.

Imani hiyo haizuki hivi hivi. Katika safari ndefu au foleni ya asubuhi, madereva husifu jinsi mtambo unavyowapunguzia uchovu. Gari hukaa katikati ya njia yake na kuacha nafasi nyuma ya lililotangulia. Likifanya hivyo mara mia bila ya kosa, dereva huanza kusahau kuwa mara ya mia na moja ni yake. Kuna pia malalamiko ya kinyume: gari kufunga breki ghafla pasipo na kizuizi chochote. Mnamo Februari 2022, serikali ya Marekani ilianzisha uchunguzi baada ya kupokea malalamiko 354 ya aina hiyo kuhusu magari ya Tesla.

Kuna waliolipa kwa uhai wao. Mwezi wa Mei 2016, katika jimbo la Florida, gari la Tesla lilipita chini ya trela ya lori lililokuwa likikata barabara, na dereva wake akafa. Wachunguzi walibaini kuwa katika dakika 37 ambazo mtambo ulikuwa ukifanya kazi, mikono ya dereva ilihisiwa usukanini kwa sekunde 25 tu. Bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani, NTSB, ilitaja kosa la mwenye lori la kutotoa njia, na pia kuutegemea mno mtambo kwa dereva wa gari. Isitoshe, bodi ililaumu jinsi mtambo ulivyoundwa, kwani ulimruhusu dereva kujitenga na kazi yake kwa muda mrefu.

Mnamo Desemba 2023, Tesla ililazimika kurekebisha programu ya magari zaidi ya milioni 2 nchini Marekani ili maonyo kwa dereva yaongezwe nguvu. Mwaka wa 2024, jina Full Self-Driving liliongezewa neno lenye maana ya "chini ya uangalizi". Lilikuwa neno moja tu, lakini ndilo lililobeba ukweli ambao jina la awali liliuficha.

Ufanisi: Tarakimu Nayo ni Jina

Suala la ufanisi lina sura iyo hiyo. Kwa hakika gari la umeme lina sifa ya kweli: zaidi ya robo tatu ya umeme linaopewa hufika magurudumuni, ilhali gari la petroli hutumia chini ya theluthi ya nishati ya mafuta yake, nyingine ikipotea kama joto. Aidha, dereva anapoondoa mguu, mota hugeuka jenereta na kuirudisha sehemu ya nguvu ya mwendo betrini. Ndiyo maana madereva wengi wa magari haya huzoea kuendesha kwa pedali moja, wakigusa breki kwa nadra.

Lakini umbali unaotangazwa kwa chaji moja ni tarakimu ya majaribio. Upinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Atokaye kilomita 80 kwa saa hadi 120 huukabili upinzani uliozidi maradufu. Mtambo wa kujiongoza huweza kuokoa chaji kwa kushika mwendo mmoja bila ya papara. Hata hivyo, mwendo huo ukiwa mkubwa, akiba yote huchukuliwa na upepo. Baridi nayo haina huruma. Mwaka wa 2019, shirika la wenye magari la Marekani, AAA, lilipima magari matano ya umeme katika baridi ya takriban nyuzi 7 chini ya sufuri, na kukuta kuwa hita ikiwashwa, umbali hupungua kwa wastani wa asilimia 41. Mnamo Januari 2023, Korea Kusini iliitoza Tesla faini ya won bilioni 2.85 kwa kutowaeleza wanunuzi ipasavyo kuhusu upungufu huo.

Zingatio la Istilahi

Tukirejea katika Kiswahili, vyombo vya habari vimekwisha kuzoea "gari linalojiendesha". Kitenzi -endesha ni -enda katika kauli ya kutendesha. Kiambishi -ji- huonyesha kuwa mtenda na mtendwa ni mmoja. Fauka ya hayo, tunaposema kuwa shirika linajiendesha, huwa tunamaanisha kuwa halitegemei msaada wa yeyote. Msikilizaji wa Kiswahili basi ataelewa kuwa gari la namna hiyo halimhitaji mtu. Kwa gari la ngazi ya 2, huo ni upotoshaji, tena ulio mkubwa kuliko wa Autopilot.

Mfumo wa ngazi ya 2 ni kama utingo wa lori: humsaidia dereva, hamwondoi kitini. Tunapendekeza uitwe "udereva saidizi". Ngazi ya 3, ambapo binadamu na mtambo hupokezana, yafaa iitwe "udereva wa zamu". "Kujiendesha" kubakie kwa ngazi ya 4 na ya 5 pekee.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa madereva hawakupotoshwa na mitambo tu, bali pia na majina na tarakimu zilizoitambulisha. Magari haya yanapozidi kuenea, wengi watayajua kwanza kupitia magazeti, redio na vitabu vya shule, na maneno watakayoyakuta humo yatakuwa yamechaguliwa na wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Ni wajibu wetu kuyachagua mapema, kabla ya mazoea kuyachagua kwa niaba yetu, ili anayesoma jina la mfumo ajue papo hapo kama usukani ungali mikononi mwake.