Gegedu la goti lililochanika: Kushona au kukata?

NOVEMBA 22, 2013, nyota wa mpira wa vikapu wa Chicago Bulls, Derrick Rose, alichanika gegedu la ndani la goti la kulia timu yake ilipokuwa ikicheza mjini Portland, Marekani. Madaktari walilishona, naye akakaa nje hadi msimu ukamalizika. Februari 2015 gegedu hilo hilo likachanika tena. Safari hii sehemu iliyoharibika ilikatwa na kuondolewa, na kufikia Aprili 8 alikuwa amerejea uwanjani.

Anayetazama kalenda peke yake atasema upasuaji wa pili ndio bora. Hilo ndilo wazo linalomjia karibu kila mgonjwa anayetakiwa kuchagua kati ya njia hizi mbili, hasa ikiwa riziki yake hutegemea miguu. Kwa nini basi daktari amshauri kijana kustahimili miezi ya magongo na mazoezi ilhali ipo njia ya majuma machache?

Jibu limo katika umbo la goti lenyewe. Baina ya mfupa wa paja na muundi kuna vipande viwili vya gegedu gumu linalonepa, kimoja upande wa ndani na kingine upande wa nje, kila kimoja kikiwa na umbo la mwezi mwandamo. Madaktari huviita meniskasi. Ncha ya mfupa wa paja ni ya mviringo, nayo sehemu ya juu ya muundi inakaribia kuwa bapa. Lau mifupa hiyo ingekutana vivi hivi, uzito wote wa mwili ungeangukia mahali padogo mno. Meniskasi hufanya kazi ya ngata ambayo mwanamke huweka kichwani kabla ya kujitwika mtungi: mzigo ni ule ule, ila umetandazwa.

Kazi hiyo haikutambuliwa mapema. Mnamo 1897 mpasuaji Mwingereza John Bland-Sutton aliandika kwamba vipande hivyo ni masalio tu ya misuli, yasiyo na kazi yoyote. Ajabu ni kwamba tayari mnamo 1883, mjini Edinburgh, Thomas Annandale alikuwa amelishona gegedu la goti la mchimba migodi. Mfano wake haukufuatwa. Kwa miongo mingi wapasuaji waliling'oa gegedu zima kila lilipochanika, na mgonjwa akatoka hospitalini akishukuru kwa kuwa maumivu yalikuwa yamekwisha.

Ni T. J. Fairbank, mnamo 1948, aliyeonyesha gharama yake. Katika picha za eksirei za magoti yaliyoondolewa gegedu, aliona nafasi baina ya mifupa imepungua na mifupa yenyewe imeanza kubadilika umbo. Kwa maneno mengine, goti lilikuwa likilika. Leo madaktari wanapolazimika kukata huondoa kipande kidogo kadiri iwezekanavyo, lakini hata hicho hupunguza upana wa ngata. Mchezaji mwingine wa Marekani, Dwyane Wade, aliondolewa gegedu akiwa chuoni mnamo 2002. Alipata mafanikio makubwa, lakini magoti yalimsumbua katika sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji. Si ajabu basi kwamba Septemba 2025 gegedu la kiungo wa Barcelona, Gavi, lilishonwa ili lihifadhiwe, ingawa klabu ilikadiria kumkosa kwa miezi minne hadi mitano.

Hata hivyo, si kila mchaniko unaoweza kushonwa. Mishipa ya damu huifikia theluthi ya nje tu ya gegedu, au pungufu ya hapo. Sehemu ya ndani haina damu, na kidonda kisichopata damu hakifungi hata kingeshonwa kwa ustadi wa namna gani. Mchaniko mpya, ulio karibu na ukingo wa nje, katika goti la kijana, ndio wenye matumaini zaidi. Matumaini huongezeka iwapo kano ya msalaba iliyokatika inatengenezwa wakati uo huo, kwa kuwa kutoboa mfupa huachilia damu na uboho ndani ya goti.

Upasuaji wenyewe hauhitaji kulipasua goti lote. Hiroshi Ikeuchi wa Tokyo alishona gegedu kupitia matundu madogo mnamo 1969, na mtindo huo ndio uliotapakaa. Mgonjwa hupewa nusukaputi au hudungwa ganzi mgongoni, mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa kwenye tundu moja na vifaa kwenye jingine, huku maji ya chumvi yakilitanua goti. Daktari huparuza kingo za mchaniko ili zitoe damu, kisha huzivuta pamoja kwa nyuzi.

Kazi ngumu huja baadaye. Kwa wiki nne hadi sita za mwanzo, mara nyingi goti huvishwa kishikizo na halikunjwi kupita nyuzi 90. Kuchutama hukatazwa kwa miezi kadhaa, kwani goti likikunjwa sana huku limebeba uzito hubana sehemu ya nyuma ya gegedu. Agizo hili ni jepesi kwenye karatasi. Kwa anayetumia choo cha shimo au anayepalilia shamba kwa kuinama, ni suala la kupangwa na jamaa kabla ya siku ya upasuaji. Mwislamu naye anaweza kuswali akiwa ameketi kitini hadi atakaporuhusiwa kusujudu. Na baada ya hayo yote, takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano hulazimika kurudi kupasuliwa, kama ilivyomfika Rose. Haki ya mgonjwa ni kuelezwa hivyo mapema.

Kwa waliovuka makamo hesabu ni tofauti. Magegedu yao huchakaa na kuchanika polepole, aghalabu bila maumivu yoyote, na picha ya MRI inaweza kuonyesha mchaniko ambao si chanzo cha taabu yao. Watafiti wa Finland waliwachunguza wagonjwa 146 wa aina hii wenye umri wa miaka 35 hadi 65: baadhi walikatwa sehemu ya gegedu, wengine walifanyiwa upasuaji wa kuigiza tu. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Kwa watu hawa, mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja ndiyo ya kujaribiwa kwanza.

Goti lililokwama ghafla, lisiloweza kunyooka baada ya kuumia, ni jambo jingine. Huenda kipande cha gegedu kimepinduka na kujibana katikati ya mifupa. Goti hilo lisikandwe wala kunyooshwa kwa nguvu, desturi ambayo bado imeenea viwanjani kwetu. Mgonjwa apelekwe kwa daktari wa mifupa bila kukawia, maana kipande hicho kikisagwa kwa majuma hakitakuwa tena na cha kushonwa.