Baada ya dhiki faraja: maana, asili na matumizi

Methali hii hutumiwa mambo yanapokwisha vyema kufuatia kipindi cha taabu. Haina kitenzi, na katika maneno yake manne ni "ya" pekee isiyo na asili ya Kiarabu. "Dhiki" imetokana na *ḍīq*, yaani wembamba, hali ya kubanwa mahali pasipo nafasi. Kwa Kiswahili maana hiyo imepanuka hadi kujumuisha umaskini na mateso. "Faraja" imetokana na *faraj*, kufunguka kwa kilichobana. Picha ya awali, basi, ni ya mtu aliyebanwa kisha akapata upenyo.

Picha hiyo imefifia, kwani "faraja" siku hizi hueleweka zaidi kuwa maliwazo, hasa msibani. Hapo ndipo mfasiri hupotea. Mfiwa anayefarijiwa bado yumo katika msiba wake, ilhali methali yasema kwamba dhiki yenyewe imeondoka.

Wazo hili ni la kale. Kurani, sura ya 65 aya ya 7, inaahidi wepesi baada ya uzito. Sura ya 94, inayotajwa mara nyingi zaidi, inasema "pamoja na", si "baada ya". Katika karne ya 10, kadhi al-Tanukhi wa Iraki alikusanya visa vya watu waliookoka katika mashaka, akakiita kitabu chake *al-Faraj baʿd al-shidda*, yaani "faraja baada ya shida". Methali ya Kiswahili imeupindua mpangilio huo: msikilizaji hupitishwa kwanza katika dhiki.

Bonde la Kilombero linatoa mfano ulio karibu mno na maana ya asili. Kwa miaka mingi, waliotoka Ifakara kwenda Mahenge au Malinyi walitegemea kivuko kuvuka Mto Kilombero, na masika mto ulipofurika safari ilikuwa ya mashaka. Mwaka 2018 lilizinduliwa daraja lenye urefu wa meta 384. Njia iliyobana ikafunguka; hiyo ndiyo faraja, na hakuna aliyeliwazwa.

Walimu huiweka methali hii kundi moja na "mvumilivu hula mbivu", lakini hazibadilishani nafasi kila mara. Mkulima wa mpunga aliyekaa dunguni majuma kadhaa akifukuza ndege, kisha akavuna, anastahili kuambiwa kuwa mvumilivu hula mbivu, kwa kuwa mavuno ni tunda la ustahimilivu wake. Jirani yake ambaye shamba lake limechukuliwa na mafuriko akiambiwa hivyo, atasikia lawama, kana kwamba alipungukiwa na uvumilivu. "Baada ya dhiki faraja" haimdai kitu. Inataja mfuatano tu, haisemi nani aliuleta.

Hata hivyo, wakati wa kusema una uzito. Maji yakiwa bado shambani, maneno hayo ni dua. Yakishakauka na mpunga mwingine ukasimama, ni taarifa. Mwanafunzi anayetunga kisa cha methali hii huhitaji taarifa: akikomea kwenye dua, kisa chake hakijafika penye faraja.