Jogoo wa rangi nzuri lakini mkali: amwachie nani mbegu?

Wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji, wakiwemo wa Mashewa wilayani Korogwe, huchagua jogoo wa mbegu kwa rangi. Lakini pamoja na rangi, vifaranga hurithi pia tabia. Kuchi, kwa mfano, anajulikana kwa kupigana, na damu yake huleta ugomvi bandani.

Rangi ina kanuni zake. Ukipandisha jogoo mweusi tii kwa tetea mwenye mistari myeusi na myeupe, vifaranga madume huanguliwa na doa jeupe kichwani, majike hawana. Hivyo unajua jinsia siku ya kwanza.

Jogoo akianza kurukia watu, usimpige teke wala usimkimbie. Kwake teke ni pambano. Simama imara, kisha mtenge. Jogoo mmoja hutosha mitetea 10. Madume wakizidi, vita huzidi. Kipi cha mguuni kikatwe ncha tu, maana ndani kina damu.

Asipotulia, na nyumbani kuna watoto, mchinje kabla hajaacha mbegu. Macho ya mtoto yana thamani kuliko manyoya. Aliyejeruhiwa aoshwe kidonda kwa maji na sabuni, kisha aende zahanati kuulizia chanjo ya pepopunda.