Mlinzi Asilale, Wala Asipige Kelele za Uongo



Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, kitu kizito kilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Kilikuwa pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo zipatazo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi, cha aina ambayo kwa kawaida huteketea kinaporudi duniani au huangukia baharini.

Sasa fikiri pete ile ingetua katika kibanja chako kule Kamachumu au Kashozi, katikati ya migomba. Ungefanya nini kwanza? Wangapi kati yetu tungeshika simu na kutangaza kwamba siku ya mwisho imefika?

Wapo watu ambao kazi yao ni kukesha. Kwa rada na darubini wanafuatilia vitu zaidi ya 30,000 vinavyoizunguka dunia: setilaiti zilizo hai, zilizokufa, na mabaki ya roketi. Vile vya karibu hukimbia takribani kilomita 28,000 kwa saa, hivyo hata kipande kidogo chaweza kuharibu setilaiti. Na setilaiti ikizimika ghafla, mlinzi lazima ajue: ni takataka imeigonga, au ni adui? Akikosea jibu, mataifa yanaweza kuingia vitani kwa sababu ya chuma chakavu.

Nabii Habakuki alisimama kwenye zamu yake akingoja. Ezekieli, sura ya 33, aliambiwa kwamba mlinzi anayeona hatari akanyamaza atadaiwa damu ya watu wake. Kumbe mlinzi ana kazi mbili: kuona sawasawa, na kusema kweli.

Sisi wa Kagera tunalijua hili. Machi 2023, Marburg ilipothibitishwa Bukoba Vijijini, kuficha mgonjwa kulikuwa hatari, na kueneza uvumi kulikuwa hatari vilevile. Aliyetoa taarifa mapema kwa mhudumu wa afya alikuwa mlinzi wa kijiji kizima.

Wengine husema, "Mungu atatulinda," kisha wanalala. Zaburi ya 127 inafundisha kwamba bila Bwana mlinzi anakesha bure. Haimwambii mlinzi aende kulala. Tumaini letu kwa Mungu halifuti zamu yetu.

Ndugu yangu, wiki hii ukipokea ujumbe wa kutisha, usiusambaze kabla hujauliza umetoka wapi. Lakini ukiona hatari ya kweli, iwe nyumbani, mtaani au katika jumuiya yako, usinyamaze kwa kuogopa kuitwa mchochezi. Kuna mtoto wa jirani anayelala salama kwa sababu wewe uko macho.

Ee Bwana, tupe macho yanayoona na midomo isiyodanganya. Amina.